Siku Njeri Alipoulizwa

Jumatatu, 3 Machi
Nimemsuka Njeri kabla ya shule. Amelalamika kwamba navuta. Kisha cherehani: sare mbili, zipu tatu. Saa nne nikaitwa ofisi ya watoto. Shosho wa Molo, mama ya baba yao, ameenda kortini. Anamtaka Njeri. Tayari analea Wairimu, mdogo wake Njeri.

Baba yao aliondoka zamani. Dada yangu alipofariki, tuligawana watoto siku ya mazishi. Njeri kwangu hapa mtaani Rhonda, Wairimu kwa Shosho, Molo. Hakuna aliyeandika chochote.

Miaka miwili Shosho yuko kimya. Sasa korti. Nimekasirika.

Alhamisi, 6 Machi
Afisa wa watoto amekuja kuona chumba. Mama mpole. Ameangalia kitanda kimoja, cherehani, pazia. Anasema sheria haiulizi nani ana nguvu juu ya mtoto. Inauliza mtoto atafaidika wapi. Tena ndugu wasitenganishwe kama kuna njia.

Nikamwambia sheria haikuwa hapa Njeri alipokojoa kitandani mwaka mzima. Akaandika hata hiyo.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani sikuimba. Jioni nimemfundisha Njeri maneno. Aseme anataka kukaa na mimi, Tata yake, dada ya mama yake.
"Sawa, Tata."
Amekubali haraka sana. Ana miaka kumi. Najichukia.

Jumatano, 12 Machi
Korti. Hakimu alimwita Njeri ofisini kwake, bila mimi, bila Shosho. Tulingoja kwenye benchi moja kama watu wasiojuana. Njeri akatoka, hakuniangalia.

Tuliporudi ndani hakimu alisema mtoto anataka kukaa na mdogo wake. Popote pale. Halafu akaniuliza, "Unaweza kuwachukua wote wawili?"

Nilifikiria chumba. Nikafikiria pia mimi mwenyewe. Nina miaka thelathini na moja, sijaolewa.
"Siwezi, mheshimiwa."
Shosho aliulizwa swali hilo hilo. Alijibu ndiyo kabla halijaisha.

Njeri ataenda Molo shule zikifungwa. Nitakuwa naye nusu ya kila likizo. Afisa atakuwa akiwatembelea. Yote yameandikwa, yana muhuri.

Ningetaka kuilaumu sheria. Lakini ilimuuliza Njeri kitu ambacho mimi sikuwahi kumuuliza.

Alhamisi, 13 Machi
Nilisema siwezi. Uongo. Ningeweza, kwa shida. Sikutaka. Acha niandike hapa, kwa sababu hakuna mtu nitamwambia.

Jumamosi, 5 Aprili
Molo. Baridi. Wairimu alitoka mbio kwenye shamba la viazi, akamrukia dada yake, wakaanguka wote. Sikumbuki lini Njeri alicheka hivyo kwangu.

Shosho akanipa chai. Amezeeka kuliko nilivyofikiria. Magoti yamevimba.
"Usione nimekunyang'anya, mwanangu," akasema. "Nataka siku nikienda, wabaki wakiwa wawili."
Nilimaliza chai nikaondoka.

Jumapili, 13 Aprili
Mvua tangu asubuhi. Nimepiga simu Molo. Njeri amesema ng'ombe amezaa, na Wairimu anakoroma. Nadhani Wairimu alimfinya, maana Njeri alipiga kelele, wakacheka wote.

Hakuuliza nitakuja lini.

Alipokata, niliendelea kushika simu sikioni kidogo.