Makopo ya Shemeji Pius

Kariakoo, Mei 1983

Dada Selina,

Shikamoo. Hili sijamwambia mtu, hata mama: namshuku mchumba wako.

Mama hajambo. Mvua imebomoa ukuta wa uani. Shemeji Pius bado amepanga chumba chetu cha mbele, bado anawasagia matumbawe watafiti wa Chuo Kikuu. Anasema tumbawe hukua tabaka kwa tabaka, na kemia ya kila tabaka huonyesha bahari ilikuwa na joto kiasi gani mwaka ule. Nilimwamini. Lakini siku hizi wanaoficha bidhaa wanakamatwa, na jirani yetu Mama Tatu kila akiuona ule unga mweupe ndani ya makopo yake hucheka: "Shemeji yenu anasaga bahari au anaficha sukari?"

Jana shemeji akiwa kazini, nilisikia balozi wa nyumba kumi anapita kukagua. Niliingia chumbani mwake na ndimu, maana darasani tulifundishwa kwamba unga wa tumbawe ukitiwa tindikali hutoa povu. Kopo la kwanza lilitoa povu. La pili halikutoa. Nikalamba: sukari.

Balozi alipoingia nilikuwa nimelikalia lile la sukari.

"We Benedikta, unga gani huo?"

Nikakamulia ndimu lile la kwanza, povu likapanda.

"Kumbe mawe kweli!" akasema, akaenda zake.

Sukari nikaimwaga chooni, kopo nikalirudisha tupu mahali pake. Jioni shemeji alilifungua, akanitazama, akalifunika tena. Nami nikaenda kuandika barua hii.

Mdogo wako,
Benedikta