Mguu wa Mama na Wageni Wake

Nyakabiga, Bujumbura, 24 Julai 2003

Mwanangu Basma,

Assalam alaykum. Mabomu ya mwezi huu yametupita, alhamdulillahi. Nawe huko Muscat, unauguza mama za watu huku wako kalazwa? Nakutania. Siku ile ya mabomu nilikimbia kufunga duka langu la vitambaa, nikateleza, nyonga ikavunjika. Daktari amenipasua na kunitia chuma. Nimerudi nyumbani juzi.

Amesema nitembee, na nidungwe sindano za tumbo mwezi mzima, damu isigande. Sindano nimeziacha, tumbo lote lina madoa meusi. Na kutembea nitatembea saa ngapi? Wageni wanaingia tangu asubuhi hadi magharibi. Mtu amepita vizuizi vya wanajeshi aje kumwona mgonjwa, halafu anikute nazunguka uani? Nalala, nafunikwa shuka, napokea pole.

Mama yako

Muscat, 1 Agosti 2003

Mama mpenzi,

Naibusu mikono yako. Baada ya salamu ni ugomvi.

Mimi nafanya kazi wodi ya mifupa. Mguu uliopasuliwa ukilala tu, damu inaganda ndani ya mshipa. Donge likikatika linapanda hadi kwenye mapafu, na mtu anakufa ghafla wakati chuma chake kimekaa sawa kabisa. Rudia sindano. Amka utembee. Wageni waambie binti yako ni mkali.

Mwanao, Basma

Nyakabiga, 9 Agosti 2003

Basma,

Salamu zako zimefika, na ukali wako pia. Mimi ndiye niliyekushika mikono ukajifunza kutembea, leo unaniamrisha nitembee? Miaka kumi ya vita watu wananiambia nihame mji huu, sikuhama. Hutanitoa kitandani wewe.

Mguu umevimba kidogo. Shavu la mguu lina moto na linauma. Kesho kutwa anakuja Léoncie mkandaji, ataukanda kwa mafuta ya moto hadi uvimbe ushuke. Odette, jirani yetu Mkongomani, ameniambia, "Mama Basma, apana, huo muguu upeleke kwa munganga." Munganga kwao ni daktari. Nimemwambia anywe chai yake.

Hii naituma kwa faksi ya dukani kwa mjomba wako Zayd, upesi ujue kwamba sikuogopi.

Mama yako

Muscat, 11 Agosti 2003, kwa faksi, saa mbili asubuhi

Mama, USIKANDWE.

Mwaka jana mgonjwa wangu alivimba hivyo hivyo, dada zake wakamkanda. Donge likakatika, akafa kikombe kikiwa mkononi. Mjomba Zayd, ukiipata hii, kimbia. Mama, tugombane hata miaka ishirini, lakini uwepo.

Basma

Muscat, 18 Agosti 2003

Mama, sijapata neno. Simu haiingii. Niandikie, hata tusi.

Mwanao

Nyakabiga, 2 Septemba 2003

Basma wangu,

Assalam alaykum. Nipo, na sijabadilika. Zayd aliingia anahema, Léoncie ameshajipaka mafuta mikononi. Akaisoma karatasi yako mbele ya wageni wote. Wakasema, "Huyu mutoto anatutisha bure." Nikautazama mkono wa Léoncie ukija mguuni, nikaogopa, Basma. Niliogopa kweli. Nikasema, "Usiniguse!" Odette na Zayd wakanibeba hadi hospitali. Daktari alikuta damu imeganda hadi pajani. Wiki mbili nilikuwa natiliwa dawa kwenye mshipa. Sasa ni vidonge, na kupimwa damu kila mara.

Nimerudi na sheria yangu. Viti vyote nimeviondoa uani. Anayekuja kuniona anatembea nami, kutoka ukutani hadi getini na kurudi, mara kumi, na pole zake anipe njiani. Jana bibi mmoja alinung'unika, "Mugonjwa gani huyu?" Nikamjibu, "Ni yule aliyekataa kufa kwa ajili ya adabu." Mzunguko wa nne akaomba maji.

Usidhani umenishinda. Muscat sihamii. Barua hii nimeiandika nimesimama, karatasi iko juu ya meza ya kukatia vitambaa. Mguu unauma, na sikai.

Mama yako