Kompyuta Ndogo kwa Ajili ya Seva ya Dada

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie kuchagua kompyuta ndogo ya bei nafuu, kwani yangu imekufa na mimi ni mpiga chapa mstaafu, niliyeondoka kwetu wakati wa vurugu miaka thelathini na sita iliyopita na sijarudi. Kule kwetu mdogo wangu wa kike anaendesha chumba cha kusomea, na juu ya kabati lake ipo seva niliyomtumia, iliyohifadhi vitabu na magazeti yote wanayosoma wanafunzi kwenye kompyuta za pale, nami ndiye ninayeiangalia nikiwa huku, kwa kuandika amri kwenye mashine yangu, na ikikwama naiamsha.

Dukani nimeona tatu: kishikwambi chenye kioo kizuri, kikompyuta cha kutosha kiganjani kinachochomekwa kwenye televisheni, na kompyuta ya mkononi iliyotumika katika ofisi fulani, imechubuka pembeni lakini vitufe vyake vinabonyea vizuri. Muuzaji ananisukumia ya nne, kubwa, ya michezo, inayowakawaka kama duka la vipodozi.

Ila nikiishia hapo nitakuwa sijasema kweli. Seva ile ni imara, haikwami kama ninavyodai. Mara nyingi mimi mwenyewe nasimamisha huduma ya vitabu kwa amri moja, halafu nakaa na simu mezani, na haupiti muda dada anapiga, ananiambia, "Kaka, mwanao amezimia tena," nami namuuliza taa zinawaka rangi gani, namwambia asubiri kwa sababu mashine za aina hii huchelewa kuzinduka, kumbe nimeshairudisha zamani, naye akisubiri ananisimulia nani ameoa, nani amezikwa, ukuta wa nyuma umepakwa rangi gani, nami namsikia hata anavyovuta kiti. Kumpigia bila sababu siwezi. Sisi tulizoea kwamba simu ya kutoka mbali ni ya msiba. Sasa, tangu mashine yangu ife, seva imefanya kazi wiki saba bila kutetereka, na dada hajapiga. Ninunue ipi?

Mpiga chapa, ugenini

Mzee wangu, nunua ile ya ofisini. Kazi yote inafanyika kwenye seva. Ya kwako ni ya kuandikia amri na kusoma majibu tu, haihitaji nguvu. Kishikwambi kitakuchosha vidole kabla ya mstari wa tatu, na kile cha kiganjani kitakufunga kwenye televisheni. Ile ya michezo mwachie muuzaji acheze nayo. Kabla ya kulipa, kaa dukani uandike ukurasa mzima, maana kitufe kibovu hakijitokezi katika sentensi moja. Chomoa waya uone betri inadumu kiasi gani, na uliza kama betri za aina hiyo bado zinapatikana. Kumbukumbu ya giga nne yatosha. Ile iliyokufa usiitupe. Mpe fundi atoe diski, kwa sababu ufunguo wako wa siri wa kuingilia kwenye seva umo humo.

Hayo ya kompyuta yamekwisha. Wewe uliyepanga herufi maisha yako yote ili watu wasome, unawafungia watoto vitabu kila unapomkumbuka dada yako? Wao wameketi mbele ya kioo cheupe, yeye anawaomba radhi kwa kosa asilolijua, nawe unauliza rangi za taa. Sitakuficha, barua yako imeniuma. Wiki saba ni nyingi kwa mtu anayesubiri. Lakini huenda naye anadhani hupendi kusumbuliwa mashine ikiwa nzima.

Usingoje kompyuta. Simu unayo. Mpigie leo, wanafunzi wakishaondoka. Mwambie kwanza kwamba hakuna aliyekufa, kisha umweleze yote, tangu mara ya kwanza uliposimamisha huduma ile. Mpe na yeye nywila, umfundishe kuiamsha seva mwenyewe, ili usibaki na kisingizio. Atakugombeza, na huenda akachukua muda mrefu. Usimkatize.