Plastiki ya Zuhura Yapewa Baba

Mjambere, Jumapili, 1996

Mvua imeanuka tangu asubuhi, jua zuri, na mimi nimenuna.

Sikusoma sana, niliishia darasa la saba nikaolewa. Lakini nimemzaa Zuhura, na Zuhura ni mkemia wa chuo kikuu Nairobi. Asiyejua hilo hapa mtaani, basi kahamia jana.

Kazi yake ni plastiki moja nyembamba isiyoogopa moto. Ila ilikuwa ya manjano kama samli, na ikishakauka haiyeyuki kwa dawa yoyote, kuitengeneza ni taabu tupu. Mwanangu kaitoa manjano. Sasa waona upande wa pili kama kioo kilichopanguswa, na yayeyuka, yamiminwa, yakauka laini. Mwanangu huyo!

Leo kaja Bi Mwanaidi wa Likoni, mamake Hamadi, mchumba wa Zuhura. Wanasoma pamoja. Kaja tupange siku ya nikaha. Nimepika pilau, nimetoa vikombe vya kabatini.

Hata hajamaliza kunawa: "Shoga, Hamadi wangu kawatoa jasho walimu! Kagundua plastiki haina rangi, wamempa nafasi ya kusoma Japani. Asema zile nyuzi za ndani ya plastiki zilikuwa zimegandana kama tambi zilizolala. Kazitia vinundu ubavuni zikaachana, mwanga ukapita."

Tambi zilizolala.

Hayo maneno ni yangu. Likizo iliyopita Zuhura alihangaika kunieleza plastiki yake, nami nachambua tambi za jana kwa vidole. Nikamuuliza, "Basi si kama hizi?" Alicheka mpaka akakaa chini. Hamadi alikuwepo, yuko sahani ya pili.

Kala chumvi yangu, wallahi.

Nikamwita Zuhura aje aseme ukweli mbele ya mgeni. "Abee, mama." Kasimama mlangoni, kichwa chini.

"Ni kazi ya Hamadi," akasema.

Bi Mwanaidi akapiga kigelegele. Mimi nikaacha tonge sahanini.

Nilimbana Zuhura jikoni. Kumbe kazi ile kampa Hamadi mwenyewe kwa hiari! Ati nafasi ya Japani ilikuwa moja, ati mume akitangulia atamvuta. "Mama, ukisema, hatanioa."

Hatanioa. Mtoto niliyemtangaza kutoka Bombolulu hadi Utange, leo aogopa kutoolewa na mwizi wake.

Hamadi sina shida naye, yeye nitamlaani nilale. Lakini huyu aliyemfungulia mlango, akamshikia na taa? Nimlaani vipi, nami ndiye niliyemnyonyesha?

Siku ya nikaha sikuipanga. Nilisingizia kichwa, Bi Mwanaidi akaaga na furaha yake, na pilau nimemfungia. Zuhura yuko uani anasugua sufuria iliyokwisha takata. Hanitazami.

Nikisema, nimevunja uchumba wake. Nikinyamaza, nimesaidia kumwibia.

Na kesho majirani wataniuliza kama kawaida yao, "Vipi mkemia wetu?" Mimi ambaye sijawahi kukosa la kujibu, nitawaambia nini?