Wale Watu Hawakimbii Mlima

Papa,

Nimepitiliza Alby. Kituo changu mwenyewe! Treni imefika mwisho wa njia na mimi bado nimekaa humu nakuandikia, maana nikishuka na hasira hii nitamgombeza mtu asiye na kosa.

Ni ile tablo yako kubwa, picha uliyoichora mwenyewe. Tangu tukuzike ilikuwa sebuleni imeegemea kabati, Mama hataki iguswe. Halafu mama mmoja Mswidi anayeandaa maonyesho ya wachoraji akaiomba, tukampa. Leo nimekwenda kuiona. Imetundikwa vizuri, ina taa yake, nikafurahi kweli. Kisha nikasoma kibao: "Wanakimbia volkano."

Wanakimbia? Ah, non!

Unakumbuka tulipokwenda makumbusho? Ulivaa koti la kanisani, eti picha za wakubwa haziangaliwi ukiwa na jaketi. Tukasimama mbele ya ile picha ya kizamani ya mlima: moto juu, bahari chini, mabwana wenye kofia wametugeuzia mgongo wanautazama. Mwongozaji akaeleza kwamba wachoraji wa zama zile hawakuchora mlima tu. Moto ulikuwa moyo wa mtu unaochemka, au hasira ya Mungu, au ufalme unaoanguka. Wewe, mchora vibao vya maduka wa Goma, ulisikiliza mpaka mwisho. Ndipo ukauliza kwa sauti, watu wakageuka: "Na hawa, nyumba yao iko wapi?"

Mimi nilicheka. Wewe hukucheka. Wiki ileile ukaanza kuchora Nyiragongo, volkano yetu, na watu wetu nao ukawachora wametugeuzia mgongo, ila vichwani ukawawekea magodoro na masufuria.

Basi nikamwambia yule mama: angalia wanaelekea wapi. Anayekimbia moto angekuja upande wetu, tungemwona uso. Hawa wanakwenda mlimani. Wanarudi! Sisi tulirudi Goma mawe bado ya moto, viatu vinanuka mpira unaoungua, watu wa misaada wanatukataza na sisi tunapita tu. Wewe ulikuwa mbele, unatafuta kiwanja chetu chini ya ule weusi wote wa lava. Nani alikuwa na nafasi ya kuwaza ishara? Tulitaka kwetu.

Alinisikiliza, sitamsingizia. Akasema vijitabu vimeshachapwa. Nikasema basi, naishusha picha sasa hivi. Kifua kilikuwa kinachemka, Papa, hata nikawaelewa kidogo wale wachoraji wa zamani. Mwishowe akanipa kadi na kalamu, niandike mwenyewe.

Nimeandika "Tunarudi nyumbani", kwa Kiswahili, na Kiswidi chini yake. Nilidhani nitatulia. Nikaanza kukutafuta kati ya wale watu, mmoja mmoja, mabega yako, ule mwendo wako wa haraka. Hukuwemo. Umewachora majirani wote, Mama yumo, hata mimi nimo na kitenge changu cha njano. Wewe hukujichora. Ulijua, Papa? Ulijua utabaki huku ugenini, makaburini Tumba, kwenye udongo huu wa baridi, na hukuniambia?

Nalia ndani ya treni, watu wa hapa wanaangalia dirishani kwa adabu yao.

Lala, baba yangu. Nitampeleka Mama Goma miguu yake ikiwa bado ina nguvu, na kabla ya safari nitapita kaburini kwako nichote udongo. Hata kama ni kiganja kimoja tu, utafika.

Binti yako