Panya wa Rehema na Spika Yangu ya Dubai

Jumamosi, usiku

Bila mimi, utafiti wa chuo kikuu ungelala. Leo mpwa wangu Rehema kaja mpaka Kariakoo kuazima spika dukani kwangu, ninakouza redio. Nikampa ile ya Dubai, ukiifungulia hapa inasikika Magogoni.

Kumbe huko chuoni anawapigia panya mlio. Panya wengi wakishausikia mara mbili tatu wanauzoea. Wengine wanashtuka kila mara kama ndiyo kwanza. Anasema panya si mtu, ila huenda wakamsaidia kuelewa watoto wenye usonji, ambao kelele huwaingia kuliko sisi.

Nikamtazama binti yangu Tatu, chini ya meza, kaziba masikio. Kila nikija naye dukani hukaa humo. Huniuma, maana mtoto hataki kunikaribia.

"Unamlinganisha mwanangu na panya?" nikafoka.

"Hapana, mjomba. Panya anayefoka hivyo sijampata bado. Hebu zima redio."

Nikazima zote, jirani akadhani umeme umekatika. Tatu hakutoka. Nikaanza kumweleza Rehema kwamba mimi mambo haya nimeyajua zamani, hata madaktari wa...

"Mjomba, bado wewe."

Nikashusha sauti, nikanong'ona. Baadaye Tatu akatoka taratibu, akaja kuniegemea mkononi. Sijui kesho kama atakuja tena.

Nimenong'ona hadi kufunga duka. Na nikiri hapa tu: sifa zangu zikisemwa kwa sauti ndogo, hata mimi siziamini.