Bosi na Masaa Yake Sita

Shoga, usinipigie, niko mbele ya watu. Soma tu.

Bosi wangu amemeza kidonge cha usingizi. Ndani ya ndege. Safari ya dakika thelathini na tano!

Na nilimwambia! "Bosi, ni kilomita mia mbili tu, hata mkanda hutaufungua." Akanitazama kama nzi aliyetua kwenye chai yake. "Dada, mji ule naujua. Ni masaa sita."

Masaa sita ni kwa basi, kwa kuzunguka milima! Ndege inazunguka mlima gani?

Akakimeza. Akajifunga na kitambaa cheusi machoni, utadhani anavuka bahari tatu.

Rubani hajamaliza kutukaribisha, anatuaga. Bosi anakoroma. Nimemtikisa, nimemfinya, wapi! Kashushwa kwa kiti cha magurudumu, mdomo wazi, mbele ya wenyeji waliokuja kumpokea na maua. Maua wakamwekea mapajani. Mapajani, shoga! Kama maiti!

Mkutano nimeuendesha mimi, katibu wake, kwa karatasi zake ambazo hata jina la mradi kalikosea.

Sasa hivi ndiyo kaamka, hapa kwenye kochi la mapokezi hotelini. Kajinyoosha, katazama dari, kaniuliza, "Mbona hatujaruka?"

Nikamwambia, bosi, tumetua tangu asubuhi. Mkutano umekwisha, mkataba wameshasaini.

Unajua kafanya nini? Kaangalia saa yake, kahesabu kwa vidole, kanigeukia na tabasamu.

"Umeona sasa? Nilikwambia ni masaa sita."